Roboti kwenye kochi: kwa nini mkusanyiko wa Warp wa 1992 bado unatajwa

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Natengeneza biti za singeli huku Mbagala, na kila nikisoma habari za muziki wa kielektroniki wa Ulaya nakutana na mkusanyiko mmoja wa nyimbo kutoka Uingereza wa mwaka 1992, unaitwa Artificial Intelligence. Wanasema uligeuza kila kitu. Nimeusikiliza mwanzo mpaka mwisho. Ni nyimbo za taratibu, waimbaji hawapo, nyingine kama ule muziki wa kusubirishwa kwenye simu. Ukubwa wake uko wapi? Na kama hauchezeki, kwa nini unaitwa tekno?"

Marahaba. Sikio lako halijakudanganya. Mtu akiuweka mkusanyiko huu leo bila kujua ulitoka katika mazingira gani, unaweza kwisha bila kumshtua hata mara moja. Vingi alivyovisikia humo vimeigwa kwa miaka zaidi ya 30, kwenye matangazo, kwenye michezo ya kompyuta, na ndiyo, mpaka kwenye simu unaposubirishwa. Ukubwa wake hauko kwenye sauti peke yake. Uko kwenye uamuzi wa Warp, lebo ndogo ya mji wa Sheffield, Uingereza, kuchukua muziki ambao nchi nzima iliujua kuwa ni wa kuchezea, kuuandikia kwenye jalada kwamba huu ni wa kusikiliza umekaa, na kuuza albamu. Ukilisema hivyo linaonekana jambo dogo. Lilizaa kizazi kizima cha wasanii, na lilizaa pia mgawanyiko ambao mimi binafsi naona uliumiza. Nitakueleza yote mawili.

Tuanzie mbali kidogo, maana mkusanyiko huu una mzazi. Mwaka 1988 Neil Rushton, mtu wa muziki kutoka maeneo ya Birmingham, aliwakusanya vijana weusi wa Detroit, Marekani, kwenye albamu iliyoitwa Techno! The New Dance Sound of Detroit. Rushton alikuwa amelelewa na ile tabia ya Waingereza wa kaskazini na kati ya kuwinda santuri adimu za soul za Wamarekani weusi na kuzichezea usiku kucha, kwa hiyo kumfuatilia Derrick May, Kevin Saunderson na Juan Atkins halikuwa jambo geni kwake. Mpango wa mwanzo ulikuwa kuiuza kazi ile kama hausi (house, muziki wa dansi wa mashine) ya Detroit, ndugu wa hausi ya Chicago. Kisha Atkins akaleta wimbo wake, Techno Music, na jina la albamu likageuka. Kwa hiyo tekno kama jina la mtindo ilisambaa duniani kupitia jalada lililoandaliwa na Mwingereza, wakati muziki wenyewe ulikuwa unapikwa Detroit tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, Atkins akiwa na kundi la Cybotron. Liweke hilo akilini, tutalirudia.

Sheffield ni mji wa chuma cha pua. Katika miaka ya 1980 viwanda vilifungwa kimoja baada ya kingine, na vijana wakabaki na muda mwingi, majengo matupu na posho ya serikali. Lakini ulikuwa pia mji uliokwisha kutoa Cabaret Voltaire na Human League, watu waliozoea kufanya muziki kwa mashine kabla haijawa kawaida. Mwaka 1989 Steve Beckett na Rob Mitchell, waliokuwa wakiuza santuri dukani katika mtaa wa Division Street, waliungana na prodyuza Robert Gordon kuanzisha Warp. Santuri yao ya kwanza ilikuwa Track With No Name ya Forgemasters, yaani Gordon mwenyewe, Winston Hazel na Sean Maher. Walichapa nakala 500, wakisaidiwa na mpango wa serikali wa kuwapa chochote wasio na kazi waliotaka kujianzishia biashara. Jina la kundi walilitwaa kwenye kiwanda kikubwa cha chuma cha hapohapo mjini.

Hapa ndipo wewe kama mtengeneza biti unapaswa kukaa kwa muda, kwa sababu hapa ndipo penye utamu. Sheffield, Leeds na Bradford zilikuwa na jamii za Wakaribi zenye saundi sistimu zao, mirundo ya spika inayotetemesha mbavu. Vijana wa miji hiyo walipoisikia tekno ya Detroit na hausi ya Chicago, waliipenda lakini wakaona chini kuna pengo. Wakalijaza kwa besi ya rege, nzito, ndefu, ya chini kabisa, na juu yake wakaweka milio mikali mifupi ya sinthesaiza, ile ya "blip, blip" iliyoupa mtindo huo jina la bleep. Katikati wakaacha wazi. Unique 3 wa Bradford walifungua njia kwa The Theme. Nightmares on Wax wakafuata kutoka Leeds. Richard H. Kirk wa Cabaret Voltaire na DJ Parrot, kwa jina la Sweet Exorcist, wakatengeneza Testone, wimbo uliojengwa kwa milio ya kupimia mitambo. Halafu wakaja vijana wawili wa Leeds, Mark Bell na Gez Varley, wakajiita LFO, na singo yao yenye jina hilohilo ikafika namba 12 kwenye chati ya taifa mwaka 1990.

Itafute hiyo LFO. Lakini usiisikilize kwenye simu, maana spika ya simu haina uwezo wa kutoa sauti za chini kiasi kile, utabaki na milio ya juu tu na utaniandikia tena kuniuliza ukubwa uko wapi. Na kwa kuwa umeniuliza mimi, niseme wazi: nikilazimishwa kuchagua kati ya singo za Warp za 1989 mpaka 1991 na mkusanyiko wa 1992, nachukua singo na silali usiku nikijuta. Mkusanyiko ndio ulioleta historia. Singo ndizo zilizoleta muziki.

Sasa twende 1992. Uingereza ilikuwa imejaa mikesha ya dansi mashambani, kwenye maghala na kwenye viwanja vya ndege vilivyoachwa, na muziki uliotawala huko ulikuwa wa kasi, wenye ngoma zilizokatwakatwa kutoka santuri za funki na sauti za watu zilizopandishwa mpaka zikawa kama za katuni. Waliuita hardcore. The Prodigy walikuwa wameingia tano bora mwaka 1991 kwa wimbo wa Charly, uliochukua sauti kutoka katuni ya serikali ya kuwaonya watoto kuhusu hatari. Waigaji wakapata wazo. Kufika Julai 1992, kundi la Smart E's lilikuwa namba 2 kwenye chati na wimbo uliochukuliwa kutoka kipindi cha watoto cha Sesame Street. Ni mwezi huohuo Warp walipotoa Artificial Intelligence.

Kwa hiyo tazama picha ilivyokuwa. Magazeti ya muziki yanacheka, yanasema tekno imekuwa mchezo wa watoto. Serikali nayo haicheki. Mwezi Mei mwaka huo maelfu kwa maelfu ya watu walikusanyika Castlemorton, magharibi ya Uingereza, kwenye mkesha ulioendelea kwa siku kadhaa, na wanasiasa wakaanza kutafuta sheria. Lebo iliyotaka kuendelea kuuza muziki wa mashine kwa watu wazima ilihitaji hoja mpya.

Hoja ilikuwa tayari mitaani. Tangu 1989, katika klabu ya Heaven jijini London, Alex Paterson alikuwa akiendesha chumba cha pembeni cha kupumzikia, Jimmy Cauty akiwa naye, ambamo waliochoka kucheza walikuja kuketi, na yeye akiwawekea muziki wa taratibu, sauti za ndege, mawimbi, mazungumzo, chochote. Huko ndiko kundi lao la The Orb lilikokomaa. Mwaka 1992 singo yao ya Blue Room, yenye urefu unaokaribia dakika 40, iliingia kumi bora, na albamu yao U.F.Orb ikashika namba moja Julai hiyohiyo. Warp hawakuvumbua kukaa. Walikuta watu wamekwisha kukaa.

Beckett alieleza baadaye kwamba kilichowavuta ni nyimbo za upande wa pili wa santuri. Upande wa kwanza ulikuwa wa DJ, upande wa pili msanii alijaza alichotaka, na alichotaka mara nyingi hakikuwa na haja ya ukumbi. Waliona pia kwamba watu waliotoka klabu alfajiri, vichwa vikiwa bado vina moto, walirudi nyumbani na kuendelea kusikiliza mpaka jua linachomoza, na kwamba saa hizo hapakuwa na mtu aliyewatengenezea albamu. Kulikuwa na hesabu ya biashara pia, ingawa mashabiki hawapendi kuitaja: singo ya klabu inaishi wiki chache kisha DJ anaiweka chini, wakati albamu inakaa dukani miaka.

Sasa jalada. Kwa maoni yangu jalada lilifanya nusu ya kazi yote. Phil Wolstenholme alichora kwa kompyuta, wakati michoro ya namna hiyo bado ilikuwa jambo la kushangaza, roboti aliyejilaza kwenye kochi sebuleni, peke yake, akisikiliza. Sakafuni kumetawanyika majalada ya santuri: Autobahn ya Kraftwerk wa Ujerumani, The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd, na mkusanyiko wa Warp wenyewe wa mwaka uliotangulia, Pioneers of the Hypnotic Groove. Ujumbe huo mtu wa 1992 aliusoma bila kufundishwa. Kraftwerk ni babu wa mashine, huyo anatajwa na kila mtu. Lakini Pink Floyd! Hao ni watu wa albamu ndefu, wa vijana wa miaka ya 1970 waliozima taa na kulala chali kusikiliza. Kumweka Pink Floyd pembeni ya tekno kulikuwa kama kuwaambia wale wote waliodharau muziki wa klabu: hiki ni chenu pia, vueni viatu mwingie.

Na maandishi. Jalada lilimuuliza msikilizaji kama ameketi vizuri, kisha likamwambia muziki huu ni wa safari ndefu, usiku wa utulivu na alfajiri zenye usingizi baada ya klabu. Lile swali la kuketi vizuri halikuwa la bahati mbaya. Kila Mwingereza aliyekua kati ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 alilijua, kwa sababu ndilo lililofungua hadithi kwenye kipindi cha redio ya BBC cha watoto wadogo na mama zao. Ni Paukwa yao. Ukiisikia tu, mwili wenyewe unatulia na kujibu Pakawa. Wiki zilezile ambapo wenzao walikuwa wakiuza nyimbo za katuni kwa watu wazima, Warp nao walichukua kitu cha utotoni, lakini wakakitumia kuwakalisha watu chini. Sijui kama kuna lebo iliyowahi kutumia maneno machache kwa faida kubwa hivyo.

Chini ya jina waliandika kwamba huu ni muziki wa kielektroniki wa kusikiliza kutoka Warp. Hilo ndilo dai. Sasa nyimbo zenyewe zinalibeba?

Zinalibeba kwa viwango tofauti. Anayefungua ni The Dice Man, ambaye ni Richard D. James wa Cornwall, kijana mwenye miaka 20 hivi wakati huo, anayejulikana zaidi kwa jina la Aphex Twin. Wimbo unaitwa Polygon Window na haujakaa hata kidogo. Una msukumo, una wasiwasi, ungepigwa klabu bila mtu kulalamika. Naona kuuweka mwanzo ulikuwa ujanja, kumshika mkono mtu wa dansi kabla ya kumwonyesha kiti. Kisha linakuja jina la Musicology, nalo ni la B12, Mike Golding na Steve Rutter wa mashariki ya London. Hawa walikuwa wakijitolea santuri kwa majina mengi ya bandia bila maelezo yoyote, mpaka wanunuzi wengi wakaamini zimetoka Detroit. Sikiliza Telefone 529 halafu sikiliza Derrick May wa 1987: zile nyuzi za sinthesaiza zinazolia juu ya ngoma kavu ni somo lililonakiliwa kwa heshima na upendo mwingi. Nawapenda B12, lakini ukiniuliza ni wapi penye kitu kipya humu, siwataji wao.

Nawataja Autechre. Sean Booth na Rob Brown walitoka Rochdale, karibu na Manchester, na hawakutoka kwenye hausi kabisa. Walitoka kwenye hip hop, elektro na kuchora kuta, wakibadilishana kanda walizozikatakata wenyewe. Ndiyo maana katika Crystel na The Egg ngoma haiendi moja kwa moja kama mguu wa mtu anayetembea. Inapinda, inarudi nyuma ya mdundo, inaacha pengo pale unapoisubiri, na juu yake sauti laini zinapita polepole kama hazijui kuna ngoma. Ukizisikiliza kwa makini utagundua kwamba wamekufundisha kufuata kitu kingine badala ya mdundo. Mwili wako bado unahesabu, lakini sikio limeshika njia nyingine. Hilo Detroit hawakulifanya, na Sheffield ya 1990 haikulifanya.

Wengine nitawapita haraka. I.A.O. ni wa familia ya kundi la Black Dog la London, ngoma nyingi, kama mtu anayetatua fumbo kwa mikono miwili. Speedy J ni Jochem Paap wa Rotterdam, na De-Orbit yake ndiyo wimbo ambao mtu asiyejua chochote kuhusu tekno ataupenda kwanza. UP! ni Richie Hawtin, aliyezaliwa Uingereza lakini akakulia Windsor, Kanada, ng'ambo tu ya mto kutoka Detroit, ambako yeye na John Acquaviva walikuwa wakiendesha lebo ya Plus 8 iliyomtoa pia Speedy J. Kwa hiyo ukisoma mahali kwamba huu ni mkusanyiko wa tekno ya Uingereza, elewa kuwa ni nyumba ya Uingereza yenye wageni kutoka Uholanzi na Kanada. Anayefunga ni Alex Paterson mwenyewe, na kipande kinachotokana na ule wimbo mrefu wa mwanzo wa The Orb uliochukua sauti ya mwimbaji wa Marekani, Minnie Riperton. Kumpa yeye mwisho ilikuwa sawa; ndiye aliyekuwa na ufunguo wa chumba cha kupumzikia.

Kilichofuata ndicho kinachoufanya mkusanyiko huu utajwe. Ulikuwa orodha ya albamu zijazo. Ndani ya mwaka 1993 karibu kila jina lililokuwemo lilipata albamu yake chini ya mfululizo huohuo: James akiwa Polygon Window na Surfing on Sine Waves, Black Dog na Bytes, B12 na Electro-Soma, Hawtin akiwa F.U.S.E. na Dimension Intrusion, Speedy J na Ginger, Autechre na Incunabula. Mwaka 1994 ukaja mkusanyiko wa pili. Kabla ya hapo msanii wa tekno kutoa albamu ilikuwa mara nyingi ni kubandika singo zake pamoja na kujaza nafasi. Baada ya hapo alitarajiwa kuwa na albamu, na iwe na mwanzo, katikati na mwisho. Mikusanyiko mingine ilikuwapo, Network ya Birmingham ilikuwa na Bio Rhythm tangu 1990, na ni mizuri. Lakini ilikusanya vibao. Huu wa Warp uliwapa watu mahali pa kuvisikilizia.

Athari zake zilitoka nje ya tekno. Mark Bell wa LFO alikwenda kufanya kazi na mwimbaji Björk kwenye albamu ya Homogenic ya 1997. Thom Yorke wa bendi ya Radiohead amesema kwamba kabla ya albamu yao Kid A ya 2000 alinunua kazi za Warp zote alizozikosa na kuzama humo. Na sheria iliyotafutwa baada ya Castlemorton ilipofika bungeni mwaka 1994, ikitaja muziki wenye midundo inayojirudiarudia, Autechre walitoa Anti EP, na katika wimbo mmoja, Flutter, wakapanga ngoma ili kipande chochote kisifanane na kingine. Kwenye kifungashio wakawashauri ma-DJ wawe na mwanasheria na mtaalamu wa muziki karibu, wathibitishe kwa polisi kwamba haujirudii. Ni mzaha, lakini ni mzaha ambao ungeweza kufanywa tu na watu waliokwisha kutoka kwenye mdundo mmoja.

Sasa upande unaoniuma. Jina Artificial Intelligence lilikuwa utani wa kisayansi, roboti anayesinzia. Lakini neno la akili likishawekwa mezani, watu hulichukua. Mwaka 1993 mashabiki, hasa wa Marekani, walianza kuuita mtindo huu IDM, yaani muziki wa dansi wenye akili, na jina likaganda. Aphex Twin alilikejeli: ni kusema huu una akili na mwingine wote ni wa wajinga. Wajinga gani? Ukifuata mstari, utakuta ni wale wa hardcore, vijana wa mitaa ya London na Midlands, weusi na weupe pamoja, ambao katika miaka hiyohiyo walikuwa wakizikata ngoma zao kwa ufundi mkubwa na kuzaa mtindo wa jungle. Miaka michache baadaye wasomi wa IDM waligeuka na kwenda kujifunza hukohuko. Sikiliza Aphex Twin na Squarepusher wa 1995 na 1996, ngoma zote ni za jungle zilizochanganyikiwa.

Na Detroit je? Mkusanyiko wa Rushton uliweka jina la mji wa vijana wale weusi mbele kabisa. Miaka minne baadaye muziki uliotokana na hao ukauzwa na roboti asiye na rangi, na Kraftwerk na Pink Floyd miguuni pake. Juan Atkins hayumo sakafuni. Hata Sheffield yenyewe, ile ya besi ya Wakaribi iliyoipa Warp santuri yake ya kwanza, haisikiki sana humo; Gordon alikuwa amekwisha kuondoka kwenye lebo. Sidhani Beckett na Mitchell walikusudia kumfuta mtu, na B12 kwa mfano hawakuacha kuitaja Detroit kama chimbuko lao. Lakini jalada husema zaidi ya mwenye jalada, na msomaji wa miaka ya baadaye alipata picha kwamba tekno yenye fikra ilianzia kwenye sebule ya Mwingereza. Mtu akikwambia hivyo mwambie Derrick May alikuwa na Strings of Life mwaka 1987, hauna besi kabisa, na ukitaka kulia nao umekaa utalia.

Hapo nimeshaanza kujibu swali lako la pili. Unaitwa tekno kwa sababu vifaa, sauti na ukoo ni vilevile: mashine za ngoma za Roland, sampla, kompyuta ya Atari au Amiga chumbani, na namna ya kujenga wimbo kwa kuongeza na kupunguza tabaka badala ya beti na kiitikio. Kuchezeka au kutochezeka ni jambo la kasi na la mahali unapoupiga. Na nyimbo kadhaa humo zinachezeka vizuri tu. Kilichozitoa kwenye ukumbi ni jalada.

Wewe hili linakuhusu kuliko unavyodhani. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa Sounds of Sisso, mkusanyiko wa maprodyuza wa studio ya Sisso ya Dar es Salaam, na ndio uliowafanya watu wa Ulaya waijue singeli, ambayo hapa kwetu ilikuwa imeshakesha kwenye vigodoro kwa miaka. Njia ilikuwa ileile ya 1988 na 1992: chagua wachache, wape jalada moja, kisha toa albamu ya kila mmoja. Bamba Pana alipata yake 2018, Jay Mitta na Sisso zao 2019. Faida unaijua. Hatari ni ileile pia: anayeandika maneno ya jalada ndiye anayemwambia mgeni muziki wako ni wa nini na umetoka kwa nani. Ukipata nafasi ya kuingia kwenye mkusanyiko wowote, soma maandishi hayo kabla hayajachapwa, kwa umakini uleule unaosomea mkataba.

Kuhusu kusikiliza upya, usianze na Polygon Window. Chukua spika yenye besi au hedifoni nzuri, anza na singo za LFO na Testone ujue nyumba ilikotoka, kisha Telefone 529, kisha De-Orbit. Autechre waache mwisho. The Egg waliufanyia kazi upya mwaka uliofuata kwenye Incunabula, wakauita Eggshell. Uweke mmoja baada ya mwingine, na usikilize ngoma tu, achana na melodi. Warp waliutoa tena mkusanyiko mzima mwishoni mwa 2022, kwa hiyo huhitaji kuhangaika na nakala za zamani, ambazo wauzaji wa santuri huko kwao wanazipandishia bei bila huruma.